Mvinyo Mweupe Mwepesi Kwenye Joto la Dar: Mwongozo Kamili Kutoka Dukani Hadi Glasi ya Mwisho

Kila mwaka, kuanzia Septemba upepo wa kusi unapolegea, ujumbe ninaopokea huwa uleule: "Nimenunua mvinyo mweupe, muuzaji kausifia kweli, nimefungua nyumbani nimekuta uchachu mtupu. Nimekosea wapi?"

Jina la chupa huwa naliuliza mwisho. Kwanza nauliza chupa ilikaa wapi tangu ilipotoka dukani. Hapo ndipo siri inapotoka: kwenye buti la gari wakati wa foleni, juu ya kabati la jikoni karibu na jiko, au ndani ya friza tangu jana usiku.

Mvinyo mweupe mwepesi unanoga ukiwa kati ya nyuzi joto 7 na 10. Chupa iliyokaa mezani hapa Dar ina nyuzi 28, mwezi wa Februari hata 31. Kazi yote iliyopo hapa chini ni kulivuka pengo hilo, kisha kulizuia lisirudi.

## Andaa hivi kwanza

Usianze na chupa. Anza na hivi, kwa sababu saa 11 jioni wageni wakishafika hutakuwa na muda wa kutafuta barafu.

- Ndoo ndefu ya lita 10. Beseni pana halifai, maji hayatafika kwenye shingo ya chupa.
- Barafu kilo 3 hivi, na maji ya bomba.
- Chumvi ya kawaida, viganja viwili.
- Deli au sanduku lolote la kutunzia baridi, kwa ajili ya kubebea.
- Gazeti la zamani au kanga ya kufungia chupa.
- Kizibuo, kama chupa ina kizibo cha gome. Nyingi za siku hizi zina kifuniko cha kusokota, lakini usibahatishe.
- Glasi zenye mguu mrefu na mdomo uliobana kidogo. Huna? Hatua ya 6 inaeleza utakavyofanya bila hizo.
- Maji ya kunywa, mengi.
- Jagi la maji ya ukwaju au madafu. Kwenye meza za Dar daima yupo asiyegusa kilevi, na haipendezi yeye apewe soda ya moto huku wengine wakinywa cha baridi. Jagi lake liwekwe kwenye baridi pamoja na chupa.

Hesabu ya chupa: moja ya mililita 750 inatoa glasi 5 za mililita 150. Kwa watu wanne wanaokula mlo mzima, chupa 2 zinatosha. Ya tatu huwa inafunguliwa kwa sifa tu.

## Hatua ya 1: Panga siku na saa

Huko Ulaya mvinyo huu huhusishwa na majira ya kuchipua, Machi hadi Mei, baridi inapoisha na watu wakatoa meza nje. Ukiiga kalenda hiyo hapa utakaa nje katikati ya masika, chini ya turubai linalovuja.

Fuata kalenda ya Afrika Kusini, zinakotoka chupa nyingi za rafu zetu. Wao huvuna zabibu kuanzia Januari hadi Aprili, na majira yao ya kuchipua huanza Septemba. Mvinyo mweupe mwepesi haukai sana kiwandani, kwa hiyo kufikia miezi hiyo ule wa mavuno ya mwaka huohuo unakuwa umeshatiwa kwenye chupa. Kwetu nako Septemba ni mwezi mzuri: kipupwe kinaishia, vuli haijaanza, jioni kuna upepo.

Kaa mezani kuanzia saa 11 jioni, upande wenye kivuli. Saa 8 mchana hata ndoo ya barafu haikuokoi, barafu itayeyuka kabla samaki hajaiva.

## Hatua ya 2: Nunua chupa ambayo haijapikwa

Naita "kupikwa" makusudi. Mvinyo uliokaa wiki nyingi kwenye joto hupoteza harufu ya tunda bichi na kuanza kunukia tunda lililochemshwa. Ukishafika huko haurudi, hata uuzamishe kwenye barafu ya namna gani.

Dukani angalia haya kwa mpangilio huu.

Mahali ilipo. Chupa iliyopangwa dirishani kwa ajili ya kupendezesha duka iache. Ya rafu ya juu kabisa, karibu na taa, iache pia. Omba ya nyuma, au iliyo ndani ya friji. Chupa nyeupe inayopitisha mwanga ni ya kuogopwa zaidi, maana mwanga nao huharibu harufu.

Kizibo. Pitisha kidole juu yake. Kikiwa kimesukumwa juu, au shingo inanata, mvinyo ulitanuka kwa joto ukavuja. Rudisha rafuni.

Mwaka. Mvinyo mwepesi hautunzwi kama dhahabu. Chukua wa mwaka huu, uliopita, au juzi yake. Muuzaji akikwambia "huu wa zamani ndio mtamu", mshukuru na uendelee mbele. Habari hizo ni za aina nyingine za mvinyo.

Rangi. Iwe njano hafifu, wakati mwingine yenye ukijani. Ikiwa imekuwa kahawia kama chai ya rangi, imechoka. Chembe zinazong'aa chini ya chupa kama sukari hazina neno, ni asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi.

Kilevi. Tafuta asilimia kati ya 9 na 12.5. Ikifika 14 huo si mwepesi tena, na kwenye joto letu utakulaza mapema.

Sasa majina. Kwa anayeanza nashauri Chenin Blanc kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo zabibu nyeupe inayolimwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, ambako wazee wao waliiita Steen, na asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa. Hata Dodoma inalimwa, kwenye ardhi inayovunwa zabibu mara mbili kwa mwaka. Ukikuta chupa ya Dodoma iliyoandikwa Chenin Blanc, ijaribu bila kuitia dharau ya "cha nyumbani". Ila soma kama ni mkavu, yaani usio na utamu, au mtamu, kwa sababu wengi hununua mtamu bila kujua halafu wanashangaa samaki hapandi.

Anayependa uchachu wa wazi achukue Sauvignon Blanc. Asiyependa harufu kali achukue Pinot Grigio ya Italia. Vinho Verde ya kaskazini mwa Ureno ina kilevi kidogo na mara nyingi hutekenya ulimi kama soda iliyokaribia kuisha gesi. Kwa joto la pwani ni kinywaji cha akili sana. Riesling ya Ujerumani yenye utamu kidogo iweke akilini kwa ajili ya pilipili, tutaifikia.

Chardonnay mimi hununua tu ikiwa imeandikwa "Unwooded", yaani haikulala kwenye pipa la mwaloni. Ile ya pipa ni nzito.

## Hatua ya 3: Ifikishe nyumbani salama

Gari lililoegeshwa juani linageuka tanuri. Niliwahi kununua chupa mbili mjini, nikaziweka kwenye buti, nikapitia Kariakoo "dakika tano tu" kununua vitunguu. Nilipofika Mbezi kizibo kimoja kilikuwa kimeinuka kama uyoga. Vitunguu vilikuwa vizuri.

Mvinyo uwe kitu cha mwisho kununua kabla ya kurudi. Funga chupa kwa gazeti, iweke ndani ya deli pamoja na chupa ya maji iliyoganda, na deli likae ndani ya gari ulipo wewe. Kwenye daladala au bodaboda kanuni ni hiyohiyo: gazeti, begi, kivuli.

Umefanikiwa kama chupa ikifika nyumbani ni baridi kuliko ukuta wa sebule ukiigusa.

## Hatua ya 4: Ipoze

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kuna njia tatu, chagua moja.

Njia ya friji. Laza chupa ndani kabisa, sio mlangoni ambako joto huingia kila mtu anapofungua kuchukua maji. Iache saa 3 hadi 4. Friji ya nyumbani huwa na nyuzi 4 hivi, kwa hiyo ukiiacha tangu asubuhi itakuwa baridi kupita kiasi. Itoe dakika 10 kabla ya kumimina.

Njia ya ndoo. Hii ndiyo yangu, na ndiyo inayokuokoa umeme ukikatika. Weka barafu hadi nusu ya ndoo, ongeza maji hadi barafu ielee, mwaga chumvi, koroga. Zamisha chupa hadi shingoni. Kila baada ya dakika chache izungushe kwa mkono. Baada ya dakika 20 hadi 25 iko tayari.

Maji ni ya nini? Vipande vya barafu peke yake huigusa chupa sehemu chache tu, katikati yao kuna hewa, na hewa ni mvivu wa kubeba joto. Maji yanaikumbatia chupa pande zote. Chumvi nayo inashusha kiwango ambacho barafu huyeyukia, kwa hiyo maji ya ndoo yanaenda chini ya sifuri bila kuganda. Watu wanaoweka barafu tupu bila maji kwenye ndoo nzuri ya chuma na kuisubiri nusu saa wanapoza ndoo.

Barafu ya soko la Feri, ile ya kuhifadhia samaki, inafaa kabisa kwa ndoo hii. Haifai kuingia kwenye glasi hata kwa bahati mbaya. Na kabla ya kumimina, futa chupa kwa kitambaa, vinginevyo tone la maji ya chumvi litaingia kwenye kinywaji cha mgeni na utalaumiwa wewe.

Njia ya friza. Dakika 45, na uweke kengele kwenye simu. Friza huwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na mvinyo huanza kuganda kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri. Ukiganda unatanuka. Shemeji yangu wa Kigamboni aliweka chupa mbili asubuhi akaenda kuvuka na kivuko kutupokea. Tuliporudi moja ilikuwa imesukuma kizibo, ya pili imepasuka juu ya mfuko wa nguru. Mvinyo wenye gesi usiuweke friza kabisa, ule ni bomu.

Utajuaje imefika? Chupa inatoka jasho lote, kuanzia chini hadi mabega. Mimina kidogo unuse. Usiposikia harufu yoyote na meno yanauma, imepitiliza. Subiri dakika 5. Ukisikia harufu ya kilevi kabla ya tunda, bado ni ya moto, irudishe. Mwenye kipimajoto cha jikoni alenge nyuzi 6 au 7, chini kidogo ya tunakotaka, kwa sababu ikifika kwenye glasi itapanda yenyewe.

## Hatua ya 5: Fungua

Kifuniko cha kusokota: shika kifuniko, zungusha chupa. Kizibo: ingiza kizibuo katikati, usitoboe hadi chini, vuta polepole. Kikikatika, chuja kwa chujio la chai. Hakuna aibu.

Nusa kabla ya kuwamiminia watu. Ikinuka boksi lililolowa mvua, kizibo kimeuharibu mvinyo. Haikudhuru lakini haikufurahishi, fungua nyingine.

## Hatua ya 6: Mimina kidogo

Thuluthi ya glasi, basi. Najua kwetu ukimimina kidogo unaonekana mchoyo. Waambie wageni sababu: glasi iliyojaa, nje, jioni ya Dar, ndani ya dakika kumi na kitu imeshapanda joto, na nusu ya chini utainywa ikiwa vuguvugu. Mimina kidogo, rudisha chupa kwenye ndoo, mimina tena.

Shika mguu wa glasi. Kiganja chako kina joto kuliko hata hewa ya nje. Kama una bilauri za kawaida tu, ziweke kwenye friji nusu saa kabla na mimina kidogo zaidi.

Kuhusu barafu ndani ya glasi: sigombani na mtu mezani, lakini inayeyuka na baada ya dakika chache unakunywa maji yenye kumbukumbu ya zabibu. Gandisha zabibu mbichi usiku kucha uzitumie badala yake. Zinapoza, hazizimui, na watoto wakigawiwa zilizobaki kwenye friza wanashukuru.

## Hatua ya 7: Uelewe ule uchachu

Turudi kwa yule aliyelalamika "uchachu mtupu". Umeshawahi kula embe bichi kwa chumvi na pilipili, getini, baada ya shule? Embe bichi peke yake linakunja uso. Likipata chumvi linageuka kitu cha kugombaniwa.

Mvinyo mweupe mkavu ni embe bichi. Ukiunywa mtupu, tumbo tupu, utakunja uso. Ukipata chumvi na mafuta, ule uchachu unakuwa ndiyo raha yenyewe, unasafisha ulimi ili tonge linalofuata liwe jipya. Kwa hiyo usinywe funda la kwanza kabla ya kutafuna kitu. Korosho za kukaanga zenye chumvi zinatosha.

Halafu nusa tena. Kwenye Chenin tafuta pera, tufaa, wakati mwingine asali kwa mbali. Sauvignon ni pasheni, majani yaliyotoka kufyekwa, hata pilipili hoho. Usiposikia chochote kati ya hivyo, lakini funda linakuvuta urudie, mambo yako sawa.

## Hatua ya 8: Chakula

Kuna kanuni nne, zote zimetokana na embe lile: chumvi hupunguza ukali wa uchachu, mafuta yanautaka, sukari kwenye chakula huufanya mvinyo uwe mchachu mara mbili, na pilipili pamoja na kilevi ni moto juu ya moto.

Vinavyopanda bila maswali. Changu wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu. Kamba wa kitunguu saumu. Ngisi wa kukaanga. Pweza wa kuchoma mwenye chumvi tu. Dagaa wakavu waliokaangwa wakawa kama chipsi. Mihogo ya kukaanga ya moto, kama ile ya Coco Beach, ukiiomba pilipili iwe pembeni. Muhogo na Sauvignon Blanc ni ndoa ambayo hakuna aliyeipeleka posa, lakini imedumu mezani kwangu.

Vinavyohitaji akili. Samaki wa kupaka. Tui la nazi lina utamu na uzito wake, mvinyo mkavu sana utaonekana mwembamba na mkali. Chukua Chenin iliyo nzito kidogo mdomoni, na usikoleze pilipili kwenye tui. Kuku wa kuchoma anapanda, ila sosi ya nyanya ya dukani ina sukari, iondoe mezani. Kachumbari iwe na chumvi ya kutosha na ndimu isizidi; ikiwa chachu kuliko mvinyo, mvinyo unageuka maji. Pilau ni rafiki, maana iliki na mdalasini havichomi.

Pilipili. Hapa ndipo ile Riesling yenye utamu kidogo na kilevi cha asilimia 9 au 10 inapofanya kazi. Utamu unapoza ulimi, kilevi kidogo hakiongezi moto. Lakini urojo wenye ukwaju, embe na pilipili kwa pamoja mimi nauacha na maji yake. Nimejaribu mara tatu, nimesalimu amri.

Usijaribu. Kaimati, kashata, keki. Kwenye siku ya kuzaliwa ya mama mkwe nilitoa Sauvignon baridi kabisa, sambamba na kaimati zilizoogeshwa shira. Mama alikunywa funda moja, akaniangalia, akauliza kama ni siki. Chupa ileile, robo saa baadaye, na kamba, alimaliza glasi. Mishikaki ya ng'ombe nayo iachie mvinyo mwekundu.

Ishara kwamba umepatia: watu wanarudia tonge, kisha funda, kisha tonge, bila mtu kuomba soda ya kuondolea ladha mdomoni.

Maji ya kunywa yazunguke, glasi kwa glasi. Joto linakausha mwili, na kilevi kinazidisha. Mwenye kuendesha gari abaki kwenye jagi la ukwaju, au aite teksi.

## Hatua ya 9: Kilichobaki

Funga chupa palepale, iweke friji ikiwa imesimama ili hewa iguse eneo dogo. Iliyobaki nusu inakaa siku 2 au 3. Ukitaka iwe bora zaidi, hamishia kwenye chupa ndogo ya soda iliyooshwa, ijaze hadi mdomoni na kuifunga. Adui ni hewa, na hapo hana pa kukaa.

Siku ya nne usiinywe. Kaanga kitunguu saumu kwenye mafuta, tia kamba, wakianza kugeuka rangi mwaga nusu glasi ya mvinyo huo, acha uchemke dakika 2 hadi harufu ya kilevi iishe, zima jiko. Kula na chapati, sio wali, maana ule mchuzi unataka kitu cha kuufutia sahani.